Saa Kumi na Mbili ya Prefe

"Kinshasa banachelewaka kila siku saa moja muzima, na hakuna mwenye anabafungia portai."

Hivyo ndivyo alivyosema Prefe kila jioni redio ya taifa iliposoma saa kutoka mji mkuu. Nchi yetu ni pana. Jua hutufikia sisi wa mashariki kwanza, kwa hiyo saa zetu ziko mbele ya zao. Kila mtu Butembo anajua hilo na hakuna anayelijali, isipokuwa yeye. Alitazama saa yake ya mkononi, ambayo huivaa uso wake ukielekea ndani, kama mtu anayeficha karata, halafu akaitazama redio kama mwanafunzi aliyekuja shuleni bila soksi, na kuizima.

Kwa asiye wa huku, Prefe ni mkuu wa shule ya sekondari. Huyu wangu alistaafu zamani, lakini kwetu cheo hicho hakistaafu. Hapa mtaani kwetu Mususa mama anayeuza makaa humwita Prefe, mchungaji humwita Prefe, na wanasema hata marehemu mkewe alimwita Prefe, ingawa kwa sauti nyingine. Jina lake silitaji. Kwanza, hangependa. Pili, lisingemsaidia mtu: sisi Wanande huitwa kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa, na mimi Kambale, mtoto wa pili wa kiume, naitwa sawa na nusu ya watu ninaokutana nao sokoni. Prefe aliposema darasani, "Kambale, simama," tulisimama kundi zima, naye akachagua yule aliyeonekana ana hatia. Kwa kawaida nilikuwa mimi.

Shule yake ilikuwa na lango la chuma, portai kwa lugha yetu, na lango lile lilifungwa saa moja na nusu asubuhi. Wazazi walikuja na sababu zao: mvua, mazishi, daraja, mbuzi. Mama mmoja aliwahi kulia machozi. Prefe alimsikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi, kwa adabu kabisa, kisha akasema maneno ambayo mji mzima unayajua: "Mama, mimi niko na masikio. Portai haina masikio."

Wanaomsimulia huishia hapo, na wakiishia hapo wanamdhulumu. Mchelewaji hakurudishwa nyumbani. Alitakiwa kukaa nje, chini ya ukuta, upande wa madirisha. Na Prefe, aliyefundisha fizikia yeye mwenyewe, alifungua dirisha hata siku za ukungu mzito, akafundisha kwa sauti ya kumfikia mtu aliyeketi kwenye majani huko nje. Sisi tuliowahi tulitoka darasani masikio yakivuma. Mkaguzi mmoja wa elimu alimuuliza kwa nini anapiga kelele namna ile. Alijibu, "Portai haina masikio, lakini dirisha iko na mudomo." Sheria za umeme nilizisikia zaidi nikiwa nje, mgongo kwenye tofali lenye unyevu, na ndizo pekee ambazo hazijanitoka kichwani.

Jambo la pili lililomkosesha usingizi lilikuwa kuchanganya saa. Kwake, saa za Kifaransa ni za ofisi: zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane. Saa za Kiswahili ni za nyumbani: zinaanza jua likitoka, na saa kumi na mbili huja mara mbili, alfajiri jua linapochungulia na jioni linapozama. Kila saa na mahali pake, kama viatu na kandambili. Katika insha ya Kifaransa kuhusu siku yangu niliandika, "Je me lève à douze heures," nikiwa nimetafsiri neno kwa neno saa kumi na mbili, ile alfajiri ya baridi ambayo mama alinitoa kitandani. Kwa Mfaransa, nilikuwa nimesema ninaamka adhuhuri. Prefe aliisoma mbele ya shule nzima, wanafunzi wamepanga mistari.

"Muangalie mwana wa mufalme," akasema. "Anaamukaka midi. Nani anamupelekeaka chai?"

Alinipa nne juu ya kumi. Niliitwa Mwana wa Mfalme mpaka nilipopata diploma.

Baadaye nikaenda chuo kikuu, nikarudi, nikajenga nyumba mkabala na yake. Sikupanga hivyo, kiwanja ndicho kilikuwa pale. Chuoni nina cheo cha chef de travaux, yaani mkuu wa kazi, ambacho maana yake ni mtu ambaye hajawa profesa na ameanza kuzoea. Prefe alikipenda sana cheo hicho. Akiniona asubuhi nimekaa barazani na kikombe, aliuliza kutoka upande wake wa barabara, "Chef de travaux, travaux iko wapi?"

Nyumbani kwake pia kuna lango. Lilitengenezwa na mafundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu, naye aliwarudisha mara kadhaa kwa sababu bawaba zilisema neno. Tangu usalama ulipoharibika, lango hilo linatiwa kufuli saa kumi na mbili jioni. Familia moja iliyokimbia kutoka Kayna, aliyoipa nyumba yake ndogo ya nyuma bila kuombwa, ilijifunza sheria hiyo siku ya kwanza. Mimi niliijifunza kwa kulala kwenye kiti chake kirefu, nyumba yangu ikiwa ng'ambo ya barabara, taa yake ikionekana dirishani. Nilikuwa nimeongea sana, kufuli likafungwa tukiwa katikati ya maneno, na asubuhi alinipa chai isiyo na sukari.

Mtu wa namna hiyo, basi, ndiye aliyekuja kushikwa na mchezo wa simu.

Ni ule mchezo ambao dunia yake yote ni vipande vya mraba: udongo wa mraba, mti wa mraba, ng'ombe wa mraba. Unavunja, unabeba, unajenga. Siku nzima ya humo inapita kabla maharage hayajaiva jikoni. Jua likizama, mazimwi hutoka gizani, na asiye nyuma ya mlango anajuta. Mchezo huo ulikuja na simu ya zamani ya binti yake wa kwanza, Masika, ambaye anaishi Beni na kazi yake ni kununua kakao kwa wakulima, kuianika na kuiuza. Alipopata simu nyingine alimwachia baba ile ya kwanza, akamfundisha mchezo jioni mbili tatu alipokuja kututembelea. Dunia yao hiyo ilikaa kwenye mtandao: baba akiwa Butembo na binti akiwa Beni, wote wawili waliweza kuingia humo na kuonana, vibwengo viwili vya mraba kwenye kilima kimoja. Mtu aliyenyang'anya karata za vizazi kadhaa vya wanafunzi sasa alikuwa na doa jekundu puani, mahali miwani ilipombana.

"Ni géométrie," aliniambia kabla sijauliza.

Walijenga shule. Ile ile yake: madirisha, ukuta, lango.

Kisha wakagombana, na si kwenye mchezo. Barabara ya Beni iliharibika kwa habari mbaya, mashamba ya kandokando ya mji yakawa mahali ambako watu wakienda hawarudi, na Prefe alimwambia Masika afunge biashara arudi Butembo kabla likizo kubwa haijaisha. Masika akasema miti ya kakao haiwekwi kwenye mfuko ikapandishwa kwenye gari, na wanawake wanaomletea mbegu hawana mnunuzi mwingine wanayemwamini. Likizo ikaisha. Hakuja. Prefe akampigia simu, akamwambia, "Portai imefungwa," akakata.

Hawakupigiana tena. Mvua zilikuja, zikaenda, zikarudi. Watu wa nje husema sisi wa milimani ni wagumu. Wanasema hivyo kwa sababu hawajamwona Mnande aliyestaafu akibishana na mtoto aliyerithi kichwa chake.

Siku moja nilipita kwake nikamkuta anacheza. Kwenye kioo kulikuwa na vibwengo viwili. Kimoja kilikuwa kinapanga matofali ya paa, cha pili kinachimba msingi wa choo. Nikauliza, kwa upole nilioweza, kama huyo wa pili siye Masika.

"Ni yeye."

"Basi mnaongea."

"Hapana. Hatusemezani." Akaweka tofali. "Tunajenga."

Ikawa hivyo kwa muda mrefu. Dunia yao haikuwa na salamu. Mmoja akiacha ukuta nusu, mwingine aliumaliza. Mara moja Masika alipanda mti mbele ya ofisi ya mkuu wa shule bila ruhusa, na Prefe alikaa siku kadhaa anautazama mti ule kabla ya kuuwekea uzio ili ng'ombe wasiuguse.

Sasa nifike kwenye swichi. Lango la shule yao lilifunguliwa kwa kitufe kilichobandikwa ukutani. Ukikibonyeza, lango linafunguka, linahesabu pumzi moja au mbili, linajifunga. Kwa vijana wenye vidole vyepesi na mtandao mzuri, inatosha. Kwa Beni, ambapo mtandao huja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, haitoshi. Jioni moja, ya kweli na ya mchezoni pia, Masika alikuwa anarudi na mzigo wa mawe. Prefe alikuwa ndani ya ukuta, kwenye kitufe. Alibonyeza. Kibwengo cha binti yake kilikuwa kizingitini, kikaganda: mtandao umekatika. Lango likajifunga. Prefe akabonyeza tena, kidole kikateleza, akabonyeza, lango likafunguka na kufungika mbele ya pua ya mtu asiyeweza kusogea. Mazimwi yakafika. Alikufa pale nje, vitu vyake vikatawanyika kwenye majani, kisha akatoweka kwenye dunia ile.

Ni mchezo, mtu akifa anaanza upya. Lakini jioni hiyo ilisemekana risasi zimelia upande wa Beni, na Masika hakuanza upya. Hakuonekana siku ile wala iliyofuata. Alfajiri Prefe alikuwa barazani kwangu amevaa koti, na hakuuliza travaux iko wapi.

"Kambale, wewe hauna bugomvi na mutu," akasema. "Piga."

Nikamwingiza ndani, nikapiga. Akasogea dirishani kutazama barabara, mgongo kwangu, kama mtu asiyehusika. Iliita sana. Masika alipopokea, sauti yake ilikuwa nzito ya usingizi. Mnara wa simu ulikuwa umezimika, basi. Wako salama. Akaniuliza kama ni mzee aliyenituma. Nikatazama lile koti pale dirishani na kusema hapana, nilitaka tu kujua bei ya kakao. Alicheka kidogo, akanitajia bei.

 Bila kugeuka, Prefe akasema, "Ile haiko swichi. Ile ni kofi."

Akaamua kuwaandikia wenye mchezo. Kuna ukurasa kwenye mtandao ambapo wachezaji hupendekeza mambo na wachezaji wengine hutoa maoni. Pendekezo lake lilikuwa rahisi: swichi yenye saa ndani yake, ambayo mwenye mlango anaipangia muda. Upangie lango saa ya kufungwa jioni, na upangie pia lingoje kiasi gani mtu akiwa bado njiani. Nilimwambia kuna watu wanaounda kitu kama hicho kwa kuunganisha vipande vingi. Alikuwa ameshajaribu; nyaya zilizunguka shule nzima kama matumbo ya mbuzi, na mti wa Masika ulikuwa njiani. "Kungoya haipaswe kuwa kazi ya fundi," alisema. "Ikuwe kitu mutu ananunua na kubandika ku mulango."

Kilichompa furaha zaidi ni ugunduzi wake kuhusu saa. Alikuwa amechimba kwenye maelezo ya mchezo akakuta kwamba saa za humo hazianzi usiku wa manane. Sufuri yake ni jua kuchomoza. "Balitengeneza dunia muzima," aliniambia, macho yaking'aa, "na banahesabu saa kama mukaka yangu," yaani bibi yake. Kwa hiyo, kwa Kifaransa kizito cha bodi ya elimu, aliandika kwamba lango la shule lianze kufungwa "à douze heures". Alinipa nisome. Nilirekebisha koma moja na kumsifu. Tulisoma sote wawili, mtu na elimu yake, na sote tuliona jioni: jua linazama, kuku wanaingia, mtu anatafuta funguo.

Wasomaji wa ule ukurasa waliona adhuhuri. Mmoja aliuliza kama mazimwi ya Kongo hula chakula cha mchana. Mwingine alisema huyu lazima ni mkuu wa shule, anataka kuwafungia watoto nje wakati wa kula. Wa tatu alichora lango, jua la utosini, na mzee mwenye fimbo. Pendekezo lenyewe, lile la kungoja, hakuna aliyeligusa.

Nilimkuta ameshika simu mbali na uso wake, kama kitu kinachonuka.

"Kambale," akasema. "Ile composition yako. Nilikupatia ngapi?"

Sikuhitaji kufikiri. "Nne, Prefe. Juu ya kumi."

Akaishusha simu. "Andika tano."

Baada ya hapo, wiki ile ile, jibu jingine lilitokea chini ya vile vichekesho. Mwandishi alijiita Mama Kakao. Prefe alinipa simu nisome kwa sauti, akidai miwani imechafuka. Liliandikwa kwa Kifaransa kilichonyooka, Kifaransa cha mtu aliyewahi kukaa chini ya dirisha fulani, na kwa Kiswahili lilisema hivi:

"Kwetu siku haianzi usiku watu wakiwa wamelala. Inaanza jua likitoka, sawa na kwenye mchezo wenu. Saa kumi na mbili ni giza linapoingia. Huyu mzee hakukosea. Na hiyo swichi anayoomba, msimcheke: mimi ndiye niliyebaki nje."

Nilipomaliza, hakuwa anasafisha miwani. Alikuwa ameishika tu.

Wenye mchezo hawajajibu mpaka leo. Nimeacha kuangalia; yeye hajaacha. Lakini Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, simu yake iliita, Masika upande wa pili, na kwa kuwa husikia vibaya sikio moja, mtaa mzima tulisikia upande wake wa mazungumzo. Waliongea juu ya mvua. Waliongea juu ya maharage, kama yamechanua, na juu ya dawa ya mgongo. Hakutaja lango wala barabara wala Beni. Mwishoni alisema, "Wasingya," asante ya lugha ya nyumbani, ambayo sikuwahi kumsikia akimpa mtu aliye chini yake kwa umri, na akakata haraka.

Masika angekuja Jumamosi moja kutazama, alisema, si kuhama. Prefe alilirudia hilo kwa kila mtu aliyempita: si kuhama. Alirudia kama mtu anayefanya mazoezi ya kumeza kidonge kikubwa.

Jumamosi hiyo nilitoka chuoni jioni, nikamkuta amesimama langoni kwake, kufuli mkono mmoja, funguo mkono wa pili. Lango lilikuwa wazi. Magari ya Beni yalikuwa yamechelewa kuondoka, yalingoja kwanza kusikia njia iko vipi. Hilo ndilo alilojua, na tangu hapo simu ya Masika haikushika. Nikasimama naye.  Vumbi jekundu lilikuwa limeshatulia. Kuku wa ile familia ya Kayna waliingia, wakalala. Taa za sola ziliwashwa nyumba moja baada ya nyingine, mama wa makaa akafunika gunia lake, kengele ya jioni ya Wakatoliki ikalia na kunyamaza. Mama wa Kayna alitoka, akatazama lango lililo wazi, akamtazama mzee, akarudi ndani. Nyota zilikuwa zimetoka.

"Prefe," nikasema mwishowe, "saa ngapi?"

Akageuza mkono wake, akatazama ile saa inayojificha. Alitazama kwa makini ya kweli.

"Kumi na mbili haiyafika," akasema.

Tukaendelea kungoja. Pikipiki zilipita, taa zao zikimulika ukuta na kuondoka, na kila mara alinyoosha shingo na kuirudisha. Moja haikuondoka. Ilizima injini mbele yetu, na mwanamke mwenye vumbi mpaka kwenye kope akashuka, begi kichwani, mfuko wa mbegu za kakao kwapani. Alisimama kizingitini, hakuingia. Alitazama lango, kisha kufuli mkononi mwa baba yake.

"Nimechelewa, Tata."

Prefe aligeuza mkono tena, akasogeza saa karibu na jicho. Simu yangu ilitetemeka mfukoni wakati huo huo, ikawaka kupitia kitambaa. Nikaifunika kwa kiganja ili isionyeshe namba zake.

"Hapana," akasema. "Kumi na mbili. Juste."

Akampokea begi, akangoja mpaka visigino vyote viwili viwe ndani, ndipo akafunga.